Nilikula bolti nne za keria kwa chipsi kuku

Mtaani kwetu Kigamboni naitwa Kutu. Ukifika pale kijiweni ukataja jina langu lililoandikwa kwenye cheti cha kidato cha nne, watakutazama kama mtu aliyepotea njia. Lakini ulizia Kutu, hata mtoto wa chekechea atakushika mkono akulete hadi mlangoni.

Kila mtu ana maelezo yake kuhusu jina hili. Wapo wanaosema ni rangi yangu, maana mimi si mweusi wala si mweupe, nipo katikati kama bati la nyumba ya zamani. Wengine wanasema ni ubahili, eti mfuko wangu umeshika kutu haufunguki. Kuna dada mmoja muuza vitumbua aliapa mbele ya wateja kuwa ni kwa sababu ya sauti, ati nikiimba nalia kama bawaba ya mlango. Mimi huwa nacheka nao tu, mambo yanaisha.

Leo, msomaji wangu, nimechoka kucheka. Nitakueleza jina lilikotoka, hata kama ukishamaliza kusoma hutanipa tena hela ya kukununulia vocha. Na kama nyumbani kwenu kuna gari lenye keria juu, soma mpaka mwisho, hata kama hujui kuendesha.

Mimi nimelelewa na mjomba. Mjomba ni mchuuzi wa samaki. Kila alfajiri anavuka na pantoni kwenda mnadani Feri, ananunua samaki, anawapanga kwenye ndoo na matenga, barafu juu yake, halafu anavuka kurudi kuwasambaza kwa wateja wake Kibada na Mbagala. Daraja la Kigamboni lilipofunguliwa mwaka 2016 wenzake wengi wenye magari walilikimbilia, yeye akabaki na pantoni. Anasema pantoni inamshusha mlangoni pa soko, daraja linamzungusha.

Gari lenyewe ni Toyota, stesheni wagoni ya siku nyingi. Ndani wanakaa samaki wa bei mbaya, juu kwenye keria wanakaa wale wa makapu. Sasa fikiria mwenyewe. Barafu inayeyuka, maji ya samaki yenye chumvi yanatiririka kwenye miguu ya keria. Pantoni ikikutana na upepo, mawimbi yanarusha maji juu ya magari yaliyo mbele. Ukifika nyumbani gari linalala nje, mita chache kutoka baharini. Mjomba alikuwa na msemo wake: "Gari la pwani linaliwa mchana na usiku, sisi tunachofanya ni kumchelewesha mlaji."

Keria ile ilikuwa na miguu minne, kila mguu bolti moja. Bolti inapita kwenye mguu, inapenya bati la paa, inakamata nati iliyochomelewa kwa ndani. Bolti nne tu, msomaji wangu, nyembamba kuliko kidole chako cha mwisho. Ndizo zinazobeba mzigo wote wa juu.

Kazi yangu ya kila Jumamosi ilikuwa kuosha gari na kuangalia bolti hizo. Mimi nilikuwa na miaka 19, nimemaliza kidato cha nne, matokeo yangu si ya kuandika gazetini, kazi sina. Niliona kuosha gari ni utumwa. Nilikuwa namwaga ndoo mbili juu, natikisa keria kwa mkono, ikigoma kutikisika nasema poa, imekaza. Nafuta kioo, najitazama, naondoka zangu kijiweni.

Basi bwana, ikafika Julai mwaka 2019. Binamu yangu, mtoto wa mjomba, kachaguliwa kidato cha tano shule ya bweni huko Morogoro. Nyumba nzima ilikuwa sherehe. Anti alilia mara tatu kwa siku moja, na mimi nikawa natajwa kwa mifano: "Unaona mwenzio?" Siku mbili kabla ya safari mjomba akaniita, akanipa sh. 15,000 mkononi.

"Nenda duka la spea," akasema. "Nunua grisi kikopo kimoja, bolti mpya nne na washa zake za mpira. Zile za juu sizipendi macho yao. Chukua moja ya zamani uende nayo kama sampuli. Ukirudi, badilisha zote."

Nikasema, "Ndiyo, mjomba."

Dukani nilifika, tena nilifika kweli. Nikanunua grisi sh. 3,000. Nilikuwa nataka kutaja bolti, simu ikaita. Alikuwa mrembo mmoja wa Ilala niliyekuwa namfukuzia tangu mwezi wa Ramadhani, siku zote ananizungusha. Siku hiyo kavuka mwenyewe kuja ufukweni na ananiuliza niko wapi, njaa inamuuma.

Wewe ungefanyaje? Usijibu haraka. Nilikuwa na sh. 12,000 mfukoni, na kwa kijana asiye na kazi kiasi hicho ni mshahara. Chipsi kuku sahani mbili, sh. 10,000. Soda mbili, sh. 1,200. Nikabaki na 800. Nikamsindikiza hadi ng'ambo, nauli yake na yangu 400, kurudi peke yangu 200. Nilipokanyaga Kigamboni nilikuwa na shilingi mia mbili, kikopo cha grisi na furaha isiyo kifani. Njiani nikajipa moyo kwamba bolti za zamani zimekaza kama mlima, zitafika tu Morogoro, mwisho wa mwezi nitanunua mpya.

Mjomba aliniuliza jioni, "Umebadilisha?"

"Zote nne, mjomba. Na grisi nimepaka."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kuswali.

Jumapili tuliondoka gizani. Mjomba usukani, Anti pembeni yake, mimi na binamu nyuma. Juu kwenye keria tulipakia vitu vyote vya mwanafunzi wa bweni unavyovijua: tranka la bati, godoro, ndoo mbili, jembe, kwanja na fagio la chelewa. Nilifunga kamba mwenyewe na hata leo najivunia mafundo yale, maana kamba haikufunguka. Nikatikisa keria mbele ya mjomba. Ikatulia kimya. Moyo wangu ukatulia pia.

Tulipita Kibaha, Mlandizi, tukavuka Ruvu. Binamu alikuwa anasoma kwa sauti orodha ya mahitaji ya shule kuona kama kuna kilichosahaulika. Karibu na Vigwaza lori kubwa likatupita kwa kasi kutoka mbele, upepo wake ukatupiga. Nikasikia juu ya kichwa changu "kwaa!", halafu mlio kama mtu anachana bati kwa mikono.

Godoro lilikuwa limekamata upepo kama tanga la jahazi. Likainua keria nzima kwa nyuma, keria ikasimama wima juu ya gari, mzigo wote ukamwagika barabarani. Nikageuka kutazama kioo cha nyuma. Msomaji wangu, natamani nisingegeuka.

Kulikuwa na mzee anakuja kwenye baiskeli pembeni mwa lami, kafunga magunia mawili ya mkaa. Tranka likagonga lami likapasuka. Godoro likaruka moja kwa moja kwake. Mzee akakwepa, akaingia mtaroni na baiskeli na mkaa wake, vyote kwa pamoja.

Tulikimbia kurudi. Mzee alikuwa amekaa mtaroni kashika bega, uso mweupe kwa vumbi na mweusi kwa mkaa. Hatua moja kutoka kilipoangukia kichwa chake, kwanja la binamu lilikuwa limesimama, ncha imezama ardhini, mpini bado unatetemeka.

Hakuna aliyesema kitu. Mjomba alilitazama lile kwanja, akamtazama mzee, halafu akaketi chini kwenye majani kama mtu aliyekatwa miguu. Ndiyo mara ya kwanza kumwona mjomba wangu akitetemeka.

Mzee alivunjika mtulinga. Tulimkimbiza hospitali, trafiki akaja akaandika yake, siku ikaisha hivyo. Mjomba alilipa matibabu, akalipa mkaa, akatengeneza baiskeli, akaacha hela ya kula nyumbani kwa mzee, kwa sababu mwenye mtulinga uliovunjika hachomi mkaa wala hapigi pedeli. Yote hiyo ilitoka kwenye mtaji wa samaki. Kwa wiki tano mjomba hakwenda mnadani. Binamu aliripoti shule siku iliyofuata, tranka limefungwa kwa kamba kama mbuzi wa kupelekwa machinjioni, godoro lina alama za mkaa. Wenzake walimcheka muhula mzima.

Jumanne gari lilikuwa gereji, Temeke. Fundi alichomoa mabaki ya bolti, akayapanga moja moja juu ya ukurasa wa gazeti. Naikumbuka ile picha kuliko picha yangu ya kumaliza shule.

Ya kwanza haikuwa na kichwa. Ilikatika kwenye shingo, na pale ilipokatika chuma kinachong'aa kilikuwa kidogo kama punje ya mchele, kilichobaki chote ni kahawia. Ya pili ilitoka kwa vidole bila spana. Meno yake yalikuwa yamelika, ukiisugua unabaki na unga mkononi kama ubuyu. Ya tatu ilikuwa imeng'ang'ania nati yake, na nati yenyewe imeng'oka kwenye bati, inazunguka nayo. Ya nne ndiyo iliyobaki imeshikilia keria isiruke yote. Hiyo nayo fundi alisema ilikuwa imebakiza safari moja.

Mimi nikashindwa kujizuia, nikauliza, "Lakini fundi, mbona ukitikisa ilikuwa imekaza?"

Fundi akacheka, si cheko la furaha. Akanieleza kitu ambacho ningekijua mapema, leo ningekuwa naitwa jina langu.

Chuma, maji na hewa vikikutana, kutu inazaliwa, na chumvi inaiharakisha ndoa hiyo. Pa kwanza kuliwa si lile bati pana unalolipaka rangi. Ni meno ya bolti. Meno hayana rangi. Ile ngozi nyembamba ya zinki waliyovishwa kiwandani inakwanguka kila unapokaza na kulegeza. Halafu ule upenyo mdogo kati ya meno ya bolti na meno ya nati unanyonya maji kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Juu jua linakausha paa, ndani ya meno bado kumelowa.

"Sasa sikiliza," fundi akasema. "Kutu ni nene kuliko chuma ilichokula. Ikishaota mle ndani inavimba, inabana. Wewe ukitikisa unaona imekaza. Siyo bolti iliyokaza, ni ugonjwa wenyewe ndio umekaza. Siku ya kuachia, inaachia yote."

Mjomba alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma. Akaniuliza taratibu, "Hizi si ndizo ulizobadilisha Ijumaa?"

Hapa ndipo nilipofanya la pili, baya kuliko la kwanza. Nikasema, "Ndizo, mjomba. Wamenipa feki."

Mjomba hakusema neno. Akazifunga bolti kwenye lile gazeti, akanishika mkono, tukapanda daladala hadi dukani. Mwenye duka ni mzee mwenzake, wanaswali msikiti mmoja. Kulikuwa na wateja kama sita hivi. Mjomba akafungua gazeti juu ya meza, akasema kwa sauti iliyowanyamazisha wote, "Hiki ndicho ulichomuuzia mtoto wangu? Karibu niue mtu."

Yule mzee akazitazama bolti. Akanitazama mimi. Hakupandisha sauti, hakujitetea. Akasema, "Kijana, nakukumbuka. Ulinunua grisi, simu ikaita. Mimi niliendelea kushika ile bolti ya sampuli mpaka ulipokuja kuichukua. Sema wewe."

Wateja wote wakageuka. Nilimwona mjomba ameshika ukingo wa meza, anasubiri. Nikaona kwamba nikisema uongo mara ya tatu, wazee wale wawili hawatasalimiana tena mpaka kufa, na mimi nitakuwa najua kwa nini.

Nikasema, "Sikununua bolti, mjomba. Hela nilikula chipsi kuku."

Kuna mtu alicheka nyuma, halafu akanyamaza. Mjomba akamgeukia mwenye duka, akamwomba radhi mbele ya watu walewale aliomshutumu mbele yao. Hilo lilinichoma kuliko kama angenizaba kibao. Kibao sikupata. Tulirudi nyumbani kimya, na kimya kile kikaendelea siku tatu.

Siku ya nne akaniambia nivae, tunakwenda Vigwaza. Tulipanda basi, gari lilikuwa bado gereji. Tulimkuta mzee wa mkaa chini ya mwembe, mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni. Nikamwamkia. Mjomba akasema, "Mzee, huyu ndiye aliyekuvunja. Atakueleza mwenyewe."

Nikaeleza yote, hela, grisi, mrembo, chipsi, soda, hata ile mia mbili iliyobaki. Nilikuwa natazama ardhi tu. Nilipomaliza mzee akakaa kimya kwa muda, halafu akauliza:

"Sasa, chipsi zilikuwa tamu?"

Nikashindwa kujibu. Machozi yalinitoka pale pale, mwanaume mzima. Mpaka leo sijaweza kula chipsi kuku bila kusikia swali lile.

Adhabu ya mjomba ilikuwa fupi kuieleza na ndefu kuitumikia. Mwaka mzima nitakuwa kwa fundi yule kila Jumamosi, bila malipo, mpaka niijue bolti. Na kila wiki mbili, mpaka mzee apone, nitakwenda Vigwaza kuchota maji na kuchanja kuni. Nilivitumikia vyote. Maji na kuni niliviacha Vigwaza, ila ya fundi nakupa wewe bure.

Kwanza, keria isuuzwe miguuni kila wiki kama unakaa pwani au unabeba samaki, na isuuzwe kwa maji baridi. Visima vingi vya kwetu Kigamboni vina chumvi, ukisuuzia hayo unaongeza ugomvi. Tumia maji ya bomba, au kinga ya mvua.

Pili, usiridhike kutikisa. Fungua bolti uitazame meno. Mimi nafungua kila miezi mitatu. Wewe wa bara, usiyebeba samaki, walau mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli. Nyingi zinataka spana namba 10 au 12, kazi ya nusu saa.

Tatu, ikigoma usitumie ubabe. Puliza mafuta ya kupenyeza, iache ilale usiku mzima. Asubuhi ikaze kidogo kwanza, kisha legeza, kaza tena, legeza tena, mpaka iamke. Ukiivuta kwa hasira utaikata, au utaing'oa nati iliyochomelewa ndani, na hapo itabidi dari la gari lishushwe ndipo fundi aifikie.

Nne, sugua meno kwa burashi ya waya. Nati ya ndani isafishwe kwa tapu ya saizi yake, kisha futa unga wote na ukaushe. Usipake grisi juu ya maji, utakuwa umemfungia mwizi ndani ya nyumba.

Tano, bolti yenye meno yaliyolika haina dawa. Tupa. Nenda dukani na sampuli, maana bolti mbili zinaweza kuwa na unene mmoja na meno tofauti. Ijaribu kwa vidole kwanza. Ikiingia mizunguko kadhaa kwa vidole ni yenyewe, ikigoma mwanzoni usiilazimishe kwa spana.

Sita, grisi. Paka meno yote, safu nyembamba inayoziba kila upenyo. Ukipata ile grisi ya shaba ni bora zaidi, ukikosa tumia grisi nzito ya kawaida. Oili chafu usipake, imetoka kwenye injini na asidi zake na uchafu wake. Na wale mnaoiba mafuta ya mgando ya dada zenu, acheni. Paa likichomwa na jua la Februari mafuta hayo yanayeyuka, yanatiririka yote, meno yanabaki uchi.

Saba, weka washa ya mpira chini ya mguu ili maji yasipenye, na kofia ya plastiki juu ya bolti. Halafu kaza kwa kiasi. Bolti yenye grisi inateleza, nguvu zile zile ulizozoea zinaibana kuliko zamani, unaweza kuzinyoa nati. Ukishatembea kidogo na mzigo, simama uzijaribu tena.

Nane, ukiivua keria usiache matundu wazi juu ya paa. Weka bolti fupi zenye grisi na washa. Wengi nati zinawafia kipindi ambacho hawatumii keria kabisa.

Kuna wajanja wanaosema nunua bolti za chuma kisichoshika kutu, ufunge kazi. Nami nilisema hivyo. Fundi akanionyesha moja, inang'aa kama pete, lakini nati ya kawaida iliyokuwa imeikamata imeliwa hadi imekuwa biskuti. Vyuma viwili tofauti vikilowa chumvi pamoja, mmoja anamlia mwenzake. Kwa hiyo grisi iko pale pale.

Sasa turudi kwenye jina. Desemba mwaka ule wa 2019 tulikwenda kumchukua binamu likizo, keria imerudi juu na bolti mpya nne. Wakati wa kurudi tukasimama Vigwaza kumjulia hali mzee. Bega lilikuwa limepona, anainua gunia. Anti akamsimulia binamu kisa chote mbele yake, maana shuleni hakuambiwa. Binamu akanitazama kuanzia unyayo hadi utosi. Kumbe muhula ule walikuwa wamesoma habari za kutu kwenye kemia.

"Kutu inakula bolti," akasema. "Na kaka amekula bolti nne peke yake. Basi kaka ndiye kutu."

Mzee alicheka mpaka akashika lile bega. Jina likaanzia hapo, likapanda gari nasi hadi Kigamboni, na kabla jua halijazama kijiwe kizima kilikuwa nalo bila kujua maana yake.

Yule mrembo wa Ilala aliolewa na mwingine, hilo lisikuumize, hata mimi haliniumizi sana. Mwenye duka na mjomba wanakaa safu moja msikitini. Ile bolti isiyo na kichwa ninayo, naitumia kukandamizia karatasi ninapokuandikia makala hizi. Na gari bado linavuka na samaki. Jumamosi ukipita kwetu asubuhi utanikuta juu ya stuli, spana namba 12 mkononi, vijana wananipigia kelele kwamba Kutu anatafuta kutu.

Mzee wa Vigwaza hupiga simu mara moja moja, hasa siku za sikukuu. Akipiga hasubiri hata nimwamkie. Anauliza tu, "Kutu, umekula?"

Namjibu, "Shikamoo, Babu. Nimekula ugali. Bolti zipo zote nne."